Kodi ya Kuhesabika: Mjadala wa Sauti Tano Kutoka Kariakoo

Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, hayakufunguliwa. Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2024 yalifungwa tena, na safari hii mgomo ukasambaa hadi Mwanza, Mbeya, Arusha na Dodoma. Mara ya kwanza Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifika mwenyewe sokoni, kisha akakutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, wakayasema mbele ya taifa zima yaliyowajaa kifuani. Baada ya mgomo wa pili iliundwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, ikazinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Kati ya migomo hiyo miwili ulipita mwaka mmoja na mwezi mmoja tu. Lililosemwa mara ya kwanza lilikuwa halijaisha.

Katika mjadala huu nimezikalisha sauti tano kwenye benchi moja la kahawa. Wasemaji nimewaunda mwenyewe, lakini hoja zao zinajulikana na kila aliyewahi kukaa kijiweni Mtaa wa Kongo jioni, maduka yanapofungwa. Yupo Mfanyabiashara, mama mwenye fremu ya vitenge. Yupo Mstaafu, mzee aliyeanza kukusanya kodi kabla Mamlaka ya Mapato haijaanza kazi mwaka 1996. Yupo Mhasibu, kijana anayewaandalia wafanyabiashara wadogo hesabu zao. Yupo Muuguzi wa kituo cha afya wilayani, aliyekuja mjini kumwona dada yake. Na yupo Machinga, anayepanga bidhaa zake chini, mbele ya fremu za watu.

Swali lilikuwa moja: je, jinsi serikali inavyotoza na kudhibiti inaikuza biashara inayoilisha, au inaidhoofisha?

MFANYABIASHARA: Shikamoo mzee.

MSTAAFU: Marahaba mwanangu. Mmefungua leo?

MFANYABIASHARA: Tumefungua, tunashukuru Mungu. Mzee wangu, watu wanasema tuligoma kwa sababu hatutaki kulipa kodi. Inaniuma nikisikia hivyo. Nikinunua kitenge najua bei yake. Nikichukua fremu najua pango lake. Kodi peke yake ndiyo gharama ninayotajiwa bei yake nikiwa nimeshauza. Sasa niambie, hapo nampangia mteja bei gani?

MSTAAFU: Bei ipo mwanangu, imeandikwa. Mauzo yako yakiwa kati ya shilingi milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka, unalipa asilimia 3.5 ya mauzo. Yakifika milioni 200 unaandikishwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, asilimia 18. Hakuna siri hapo.

MHASIBU: Mzee, naomba nimsaidie mama kwa hesabu. Tuseme anauza milioni 90 kwa mwaka, na katika kila shilingi 100 anayouza faida yake ni shilingi 10. Hiyo ni milioni 9. Pango ni laki 5 kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka. Inabaki milioni 3, hapo hajalipa umeme, mlinzi wala kibarua wa kubeba marobota. Sasa chukua asilimia 3.5 ya milioni 90. Ni shilingi 3,150,000. Mwaka umekwisha, amefanya kazi siku zote, na kodi imezidi kilichobaki kwa shilingi 150,000.

MFANYABIASHARA: Na huo ni mwanzo tu.

MHASIBU: Kweli, ni mwanzo. Ushuru wa huduma wa halmashauri nao unahesabiwa kwa mauzo. Halafu kuna kodi ya zuio kwenye pango, asilimia 10. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, mpangaji anaikata tu na kuipeleka serikalini. Lakini mwenye nyumba wa Kariakoo anamwambia mama: mimi nataka laki 5 yangu kamili, hayo ya zuio utajua mwenyewe. Shilingi 600,000 zinamwangukia yeye.

MUUGUZI: Kama kodi ya majengo kwenye LUKU. Mimi nimepanga vyumba viwili, lakini tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme ninaonunua mimi. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500. Nyumba si yangu.

MSTAAFU: Hilo la mpangaji kubeba kodi ya mwenye mali ni dosari, silitetei. Lakini kwenye hesabu ya kijana kuna mlango hamjautaja. Sheria inamruhusu mfanyabiashara mdogo kujitoa kwenye kodi ya mauzo, akaweka vitabu, akatozwa kwa faida yake halisi. Mhasibu, mwambie atalipa kiasi gani.

MHASIBU: Akiweka vitabu, faida yake ni milioni 3. Mtu binafsi ambaye kipato chake hakizidi shilingi 270,000 kwa mwezi, yaani 3,240,000 kwa mwaka, hatozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo kodi yake ya mapato ni sifuri.

MFANYABIASHARA: Sifuri?

MHASIBU: Sifuri. Milioni 3 na ushee dhidi ya sifuri, duka ni lilelile na mwaka ni uleule. Tofauti ni daftari.

MSTAAFU: Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka yote niliyofanya kazi, nusu ya ugomvi wangu na wafanyabiashara ulikuwa huo. Hawaandiki, halafu wanalalamika wamekadiriwa.

MFANYABIASHARA: Mzee, daftari ninalo. Nauza kwa mashine ya risiti ya EFD, naandika kila robota. Shida yangu iko kwenye karatasi za mzigo. Wengi wetu hapa hatuna mtaji wa kontena zima. Tunachangia watu ishirini, thelathini, wakala mmoja analeta kutoka China kwa jina lake. Karatasi za bandarini zina jina la wakala, jina langu halimo. Mzigo ukifika nagawiwa marobota yangu, nashukuru, natia stoo. Afisa akija dukani ananiambia: thibitisha manunuzi. Nitathibitisha kwa karatasi ya nani? Basi daftari langu linawekwa pembeni, nakadiriwa.

MHASIBU: Na hapo ndipo sifuri niliyoihesabu inapoyeyuka. Vitabu vinakubaliwa pale kila tarakimu inapokuwa na karatasi nyuma yake. Isitoshe, kuandaa hesabu hizo kunahitaji mhasibu, na mhasibu hafanyi kazi bure. Mimi mwenyewe namtoza mama.

MSTAAFU: Akikadiriwa isivyo haki ana njia ya kupinga. Anaandika pingamizi. Akishindwa anakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, halafu Baraza la Rufani za Kodi, mpaka Mahakama ya Rufani. Nchi yetu imejenga ngazi hizo.

MHASIBU: Zipo mzee, ila ngazi ya kwanza ina kiingilio. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, kipi ni kikubwa. Kamishna anaweza kukusamehe ukiomba kwa sababu nzuri, lakini huo ni uamuzi wake.

MFANYABIASHARA: Nikikadiriwa milioni 30, natoa kwanza milioni 10. Mtaji wangu wote hauzidi milioni 15. Kesi nitaishinda nikiwa sina duka.

MSTAAFU: Theluthi iliwekwa kwa sababu. Walikuwapo matajiri wanaopeleka kila kodi kwenye shauri, si kwa kuwa wameonewa, bali kwa kuwa shauri la miaka mitatu ni mkopo wa miaka mitatu. Fedha za umma zinakaa mfukoni mwa mtu huku wanasheria wakibishana.

MHASIBU: Nakubali. Lakini kifungo kilichotengenezwa kwa ajili ya tajiri mwenye wanasheria kimevishwa mama mwenye fremu moja. Tajiri hakimbani, mama kinamkaba.

MUUGUZI: Dada yangu, nakusikiliza na nakuonea huruma. Naomba nami nisikilizwe. Mimi kodi yangu inakatwa kabla sijauona mshahara. Sina pingamizi, sina mgomo, sina risiti ya kuficha. Mwalimu ni hivyohivyo, askari ni hivyohivyo. Mnapofunga maduka kwa sababu ya kodi, sisi hatuna mlango wa kufunga. Na mapato yakipungua, wa kwanza kuona ni mimi. Siyaoni kwenye takwimu, nayaona kwenye kabati la dawa.

MSTAAFU: Sema mama, sema.

MUUGUZI: Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mapato ya ndani yaliyotarajiwa ni trilioni 34.61. Katika kila shilingi 10 za nchi, 7 tuzitafute wenyewe, na 3 zitoke kwenye mikopo na misaada. Hizo 7 zikiwa 6, pengo linazibwa kwa mkopo mwingine au kwa kitu kisichofanyika. Kitu kisichofanyika mara nyingi ni changu: mtumishi asiyeajiriwa, jokofu la chanjo lisilonunuliwa. Halafu serikali ikikopa sana humuhumu ndani, benki zinaona afadhali kuikopesha serikali, nawe ukienda kuomba mkopo wa biashara unakuta riba imepaa. Kwa hiyo hata wewe pengo hilo linakurudia.

MFANYABIASHARA: Mbona unanisema kama mimi silipi?

MUUGUZI: Sijakusema wewe. Ila niambie ukweli, hawa vijana wanaopanga vitenge chini mbele ya fremu yako, mzigo ni wa nani?

(Hapo benchi lilinyamaza kidogo. Muuza kahawa alijaza vikombe.)

MACHINGA: Bosi, nitasema mimi, usinikasirikie. Mzigo mwingine ni wetu. Mwingine ni wa wenye fremu. Wanatupa asubuhi, tunauza, jioni tunapeleka hesabu. Chini hakuna mashine, kwa hiyo hakuna risiti.

MSTAAFU: Ahsante kijana kwa kusema kweli. Na kuna la pili: risiti pungufu. Mzigo wa milioni 5 unatoka na risiti ya laki 5. Mnunuzi anakubali kwa sababu amepunguziwa bei. Serikali ikituma kikosi kuvizia mizigo njiani, mnaita kamata kamata. Lakini kamata kamata ina mama yake, na mama yake ni risiti pungufu.

MFANYABIASHARA: Mzee, sitabisha, mambo hayo yapo. Lakini sikiliza na upande wa pili. Nina wateja wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni. Mteja ametoka kwao na fedha zake, amelala gesti ya Kariakoo, amenunua kwangu, kwa mwenzangu na kwa watu wengine sita. Akifika njiani anasimamishwa, mzigo unafunguliwa, risiti moja ikikosekana mzigo wote unazuiwa. Yeye si mkwepaji, ni mgeni. Mwezi ujao haji. Nikimpigia simu ananiambia ameanza kununua Kampala. Serikali imepata faini ya siku moja, na imepoteza kodi ya mteja yule kwa miaka kumi.

MSTAAFU: Ndiyo maana mwaka 2023 kikosi kazi kile kilisimamishwa.

MFANYABIASHARA: Kikasimamishwa, na mwaka uliofuata tukarudi palepale. Ndicho ninachokisema tangu mwanzo: sijui kesho itakuwaje.

MACHINGA: Mimi nataka kusema kuhusu kile kitambulisho. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Nilikivaa shingoni. Mgambo akija anakiangalia, anapita. Nilijua nadaiwa kiasi gani, na nani, na lini. Katika maisha yangu ndiyo malipo pekee ya serikali niliyoyatoa bila kukimbizwa.

MHASIBU: Mwenye mauzo chini ya milioni 4 tayari hatozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo kitambulisho hakikukupunguzia kodi yoyote.

MACHINGA: Kaka, hukunielewa. Sikukinunua kwa sababu ya kodi. Nilinunua kutokukimbizwa. Niliweza kuagiza mzigo wa wiki nzima, kwa sababu nilijua wiki nzima nitakuwepo. Kabla ya hapo nilikuwa nachukua wa siku moja.

MSTAAFU: Lakini wengi waliouza zaidi ya milioni 4 walijificha nyuma ya kitambulisho hicho. Mwenye duka analipa mamilioni, jirani yake kwa 20,000 amemaliza. Usawa uko wapi? Hata hivyo umenikumbusha kitu, kijana. Nimeiona kodi ya kichwa kabla haijafutwa mwaka 2003. Siku ya gulio mgambo wanaweka kizuizi njiani, vijana wanakimbilia porini, mazao yanabaki chini. Tulikuwa tunakusanya kidogo na kuharibu soko la siku nzima. Ilipofutwa, halmashauri zilibaki zikitegemea Hazina, na hilo nalo lilikuwa na uchungu wake. Kufuta kodi mbaya bila kuweka nzuri mahali pake si dawa.

MWANDISHI: Mzee, kuna kodi uliyowahi kuona imebadilishwa vizuri?

MSTAAFU: Ipo. Road licence ya magari. Kila mwaka mwenye gari alitakiwa kuilipia hata kama gari limekufa liko juu ya mawe, na madeni yakawa yanalimbikizana. Mwaka 2017 ikafutwa, ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Foleni zikaisha, askari hana cha kuuliza, anayetembea sana analipa zaidi.

MUUGUZI: Na mafuta ya taa ya bibi yangu yaliongezwa shilingi 40 zilezile, wala bibi hana gari.

MSTAAFU: Ni kweli, yaliongezwa. Kodi rahisi kukusanya si lazima iwe kodi ya haki. Nakubali.

MHASIBU: Tuzungumzie mabadiliko, maana ndipo penye kidonda. Bajeti inasomwa bungeni Dodoma katikati ya Juni, sheria inaanza kutumika Julai mosi. Mwaka 2024 ilisomwa tarehe 13 Juni. Mfanyabiashara alipewa siku 18. Mama aliagiza mzigo Aprili, uko baharini wiki kadhaa. Ameagiza chini ya sheria moja, anapokea chini ya nyingine. Bei aliyowaahidi wateja wake wa Lusaka tayari ni ya uongo, na si yeye aliyedanganya.

MSTAAFU: Serikali haiwezi kutangaza kila kitu mapema. Ukisema leo kwamba saruji itapanda Januari, wenye maghala wanaficha saruji.

MHASIBU: Kwa bidhaa chache nakubali. Lakini chukua mwaka 2023 peke yake. Kiwango cha kuandikishwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa. Saruji ikawekewa ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mafuta yakaongezwa shilingi 100 kwa lita. Mengine ni mazuri, nayasifu. Lakini hata lililo zuri likija kwa kushtukiza linamfundisha mfanyabiashara asipange zaidi ya Juni.

MUUGUZI: Tozo ya simu hiyo nina maneno nayo. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, lakini ikaingia na benki. Mwaka 2023 ya kutuma ikafutwa, ya kutoa ikabaki. Kwa upande mmoja ilinichoma, kwa sababu mama yangu yuko kijijini na mimi ndiye ninayemtumia. Kwa upande mwingine, fedha zake zilijenga vituo vya afya kwenye tarafa ambazo mama mjamzito alikuwa anabebwa kwa baiskeli. Ningependa wananchi waambiwe hivyo mapema: tozo hii ni ya vituo hivi, itadumu miaka hii, majina ya tarafa ni haya. Ilisemwa baadaye, watu wakiwa wameshakasirika na wamerudi kubeba fedha mkononi.

MFANYABIASHARA: Haya ni ya kodi. Kanuni je? Kwenye ukuta wa duka langu vyeti vimejaa kama picha za harusi. Leseni ya halmashauri. Usajili wa BRELA. Zimamoto. Usalama kazini wa OSHA. Viwango. Vipimo. Vingi vina siku zake za kuisha, na wakaguzi wake.

MSTAAFU: Serikali ililiona hilo. Mwaka 2018 ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule unaoitwa MKUMBI, utekelezaji ukaanza Julai 2019. Ada kadhaa zikafutwa, na kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ikahamishiwa Shirika la Viwango ili mtu asikaguliwe bidhaa moja na taasisi mbili.

MFANYABIASHARA: Na tunashukuru. Sitaki ukaguzi wote ufutwe, mzee. Nimeliona Soko Kuu likiungua Julai 2021. Nimesimama hapa Kariakoo Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoanguka likaua watu zaidi ya 20, wengine walikuwa wanaita kutoka chini ya kifusi kwa simu. Wale walikuwa wenzangu. Nautaka ukaguzi kuliko mtu yeyote. Lakini mkaguzi akija kwangu anaangalia cheti kimelipiwa au hakijalipiwa. Nguzo haangalii. Waya za umeme haangalii. Nikishalipa, anaondoka.

MHASIBU: Hapo mama umegusa mzizi. Taasisi ikiambiwa ijiendeshe kwa ada inazokusanya, mkaguzi wake anageuka mtoza ushuru. Kipimo cha kazi yake kinakuwa fedha alizorudi nazo, badala ya hatari alizoziondoa. Tunakuwa na kanuni nyingi na usalama mdogo.

MSTAAFU: (baada ya kimya) Kijana, nimefanya kazi serikalini miaka mingi. Nasi tulipimwa hivyohivyo. Mwisho wa mwezi unaulizwa: umekusanya ngapi? Hakuna aliyewahi kuniuliza: maduka mangapi yaliyokuwa wazi mwaka jana yako wazi mwaka huu? Laiti ningeulizwa hilo, ningefanya kazi kwa namna nyingine.

MACHINGA: Basi mzee, tumeelewana.

Kikao kiliishia hapo, na mimi nina wajibu wa kusema ninasimama wapi.

Wiki ileile ya Juni 2024 Kariakoo ilipofungwa, vijana wa Kenya walikuwa barabarani wakiupinga Muswada wa Fedha. Watu walipoteza maisha, na Rais William Ruto akakataa kuusaini. Kodi inayokataliwa mtaani inaumiza pande zote mbili: raia wanazika, na bajeti inabaki na shimo. Hakuna anayepaswa kutamani kufika huko. Na njia ya kutofika huko hatuipati kwa kubishana tu kama kodi iwe juu au chini. Katika mazungumzo yote haya Mfanyabiashara hakuomba asitozwe. Machinga alikuwa tayari kulipa. Muuguzi hakuomba kodi ipande. Kila mmoja aliomba kitu kimoja kwa maneno yake: kujua mapema.

Hilo ndilo ninaloliamini. Kodi nzuri ni ile ambayo mtu anaweza kuihesabu kabla ya kufungua duka. Waziri wa Fedha naye anahitaji kitu hichohicho, kwa sababu bajeti iliyojengwa juu ya makadirio na kamata kamata haijui itapata nini. Mama asiyejua kodi yake na wilaya isiyojua fungu lake la dawa wanaugua ugonjwa mmoja.

Kwa hiyo nasema hivi. Viwango vya wafanyabiashara wadogo vikishapangwa, viachwe bila kuguswa angalau miaka mitatu, na mabadiliko yake yatangazwe nusu mwaka kabla, ili mzigo ulio baharini ufike ukute sheria iliyokuwepo ulipoagizwa. Karatasi ya wakala anayeleta mizigo ya watu wengi itambuliwe kisheria, ikiwa na orodha ya kila mwenye mzigo na sehemu yake. Sharti la theluthi liwabakie wakubwa, mdogo asikilizwe kwanza. Zuio la pango lifuatiliwe kwa mwenye jengo, ambaye jengo lake halihami. Taasisi za ukaguzi zilipwe kutoka Hazina, na zipimwe kwa ajali zilizozuiwa.

Upande wetu nao una deni. Mfanyabiashara anayempa machinga mzigo ili kuikwepa mashine, na mnunuzi anayekubali risiti pungufu kwa sababu amepunguziwa shilingi elfu moja, wote wawili wanachota kwenye kabati la Muuguzi. Tusijifiche nyuma ya makosa ya serikali.

Na serikali nayo ifungue daftari lake. Kila kituo cha afya, kila shule ya kata, kila barabara ya mtaa ibandikwe ubaoni: zimekuja kiasi gani, zimetumika wapi. Mstaafu alituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo haikusema mali ya nani. Ni ya mwenye fremu, na ni ya umma vilevile.

Ndugu msomaji, kesho ukinunua kitu dai risiti, na usome kiasi kilichoandikwa. Juni ijayo bajeti ikisomwa Dodoma, usisubiri kuambiwa na mtu imesema nini. Chukua kalamu, uhesabu kodi yako mwenyewe. Ukishindwa kuihesabu, muulize mbunge wako kabla ya Julai mosi.